Kabla na Baada ya Karatasi: Historia Fupi ya Mtihani wa Wahasibu wa Umma

Utangulizi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tunaifundisha kila mwaka, na wanafunzi huielewa upesi: asiyeandika anachopata na anachotoa hatajua kilipokwenda. Lakini kuna swali ambalo methali yenyewe haikuligusa. Ikiwa mali ni ya wengi, kama vile ya kampuni, chama cha ushirika au serikali, yule anayeshika daftari tutamwaminije? Nani amempima, kwa kipimo gani, na baada ya kutimiza masharti yapi?

Katika makala haya tunakusudia kulijibu swali hilo kwa kufuatilia historia ya mtihani mmoja, yaani mtihani wa kumwidhinisha mhasibu wa umma, ambao humpa aliyefaulu haki ya kuelekea kwenye herufi tatu: CPA. Hapa Uganda, kama ilivyo Kenya na Tanzania, herufi hizi zimekuwa jina la heshima. Huwekwa mbele ya jina la mtu kama vile Daktari au Mhandisi, na katika mikutano mshereheshaji huzitamka kabla ya kumkaribisha mgeni. Aidha, baadhi ya wanafunzi wanaosoma Kiswahili pamoja na masomo ya biashara hujisajili kwa mtihani huo mara wamalizapo shahada. Kwa hiyo mada hii si ngeni kwetu kama inavyoweza kudhaniwa.

Hoja yetu ni hii. Tangu mwanzo, karatasi ya mtihani imekuwa mlango wa haki kuliko milango mingine ya taaluma hii, kwa kuwa karatasi haimjui aliyeiandika. Waliofungiwa nje hawakufungiwa na maswali. Walifungiwa kabla ya karatasi, kwa masharti ya kuomba, au baada yake, kwa masharti ya kupewa cheti. Anayetaka kuielewa historia ya mtihani huu hana budi kuisoma fomu ya maombi kwa makini uleule anaoutumia kusoma maswali.

Kabla ya mtihani: uanagenzi na kujuana

Uhasibu ni kazi ya kale, lakini uhasibu kama taaluma yenye chama na sheria ulianza Uskoti katikati ya karne ya 19. Chama cha wahasibu wa Edinburgh kilipata hati ya kifalme mwaka 1854, na cha Glasgow kikafuata mwaka 1855. Wenzao wa Uingereza na Wales walipata hati yao mwaka 1880, wakaanza kutahini muda mfupi baadaye.

Hata hivyo, mtihani huo wa Uingereza ulikuwa sehemu moja tu ya safari. Kwanza kijana alipaswa kuwa mwanagenzi. Alitia saini mkataba wa miaka kadhaa na mhasibu mwenye hati, na mara nyingi familia yake ndiyo iliyomlipa bwana huyo ada ya kumpokea, wala si bwana aliyemlipa kijana. Ni dhahiri kwamba mtoto wa maskini alishindwa kabla hajaona swali hata moja. Mwanamke naye alishindwa hata kama fedha alikuwa nazo. Mary Harris Smith aliendesha ofisi yake ya uhasibu jijini London tangu miaka ya 1880, akaomba uanachama, akakataliwa. Alikubaliwa mwaka 1920, akiwa amepita umri wa miaka 70, baada ya sheria ya mwaka 1919 kuondoa kizuizi cha jinsia katika taaluma.

Wakati huohuo mitaji ya Uingereza ilikuwa ikivuka bahari ya Atlantiki kwenda kwenye reli na viwanda vya Marekani, na wahasibu wa Uingereza na Uskoti wakaifuata ili kuikagua. Wamarekani waliofanya kazi hiyohiyo hawakuwa na hati ya mfalme, na katika jamhuri yao hapakuwa na mfalme wa kuwapa. Walihitaji njia nyingine ya kuuambia umma kwamba wao si makarani wa kawaida. Njia waliyoichagua ni sheria ya jimbo na mtihani wa serikali.

New York, 1896

Tarehe 17 Aprili 1896 Gavana Levi P. Morton wa Jimbo la New York alitia saini sheria fupi iliyoanzisha jina la mhasibu wa umma aliyeidhinishwa. Jambo la kuvutia kwa watu wa lugha ni kwamba sheria hiyo ililinda jina, haikulinda kazi. Mtu yeyote aliruhusiwa kuendelea kutunza na kukagua vitabu vya wengine kwa malipo. Alichokatazwa ni kujiita kwa jina hilo, au kutumia herufi zake tatu, bila cheti. Taaluma nzima ikajengwa juu ya haki ya kutumia neno.

Masharti ya kuomba yalikuwa manne kwa ujumla. Mwombaji awe raia wa Marekani au awe ametangaza rasmi nia ya kuwa raia. Awe mkazi wa New York au awe na ofisi ya biashara humo. Awe ametimiza umri wa zaidi ya miaka 21. Na awe mtu wa tabia njema. Baada ya hapo angefanya mtihani chini ya usimamizi wa baraza la elimu la jimbo hilo. Palikuwa na msamaha pia: waliokuwa wakifanya kazi hiyo kwa kujitegemea kwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya sheria, wakaomba kwa maandishi ndani ya mwaka mmoja baada yake, waliweza kupewa cheti bila kutahiniwa. Kwa hiyo wengi wa wahasibu wa kwanza kuidhinishwa hawakuandika karatasi yoyote. Cheti Namba 1 kilikwenda kwa Frank Broaker, na sababu yake haikuwa ubora wa alama bali mpangilio wa alfabeti.

Broaker alikuwa pia mmoja wa watahini watatu wa kwanza, pamoja na Charles Waldo Haskins na Charles Ezra Sprague. Huyu Sprague anastahili kukumbukwa na walimu wa lugha. Alikuwa mkuu wa benki ya akiba jijini New York, na miongoni mwa Wamarekani waliopigania sana Volapük, lugha ya kubuni iliyokusudiwa kuwa lugha ya mataifa yote kabla Kiesperanto hakijaenea. Mwaka 1888 alichapisha kitabu cha kuifundisha lugha hiyo. Volapük haikudumu. Mtihani alioshiriki kuuanzisha umedumu, na mfumo wa debiti na krediti, ambao alikuja kuuandikia kitabu cha nadharia, umekaribia zaidi kuwa lugha ya mataifa yote kuliko Volapük.

Mtihani wa kwanza ulifanyika katikati ya mwezi wa Desemba 1896, katika miji ya New York na Buffalo, kwa siku mbili. Ulikuwa na sehemu nne: nadharia ya hesabu, uhasibu wa vitendo, ukaguzi wa hesabu na sheria ya biashara. Katika sehemu ya nadharia mtahiniwa alitakiwa, pamoja na mengine, kueleza misingi ya kuandika kila tukio la fedha mara mbili, upande wa debiti na upande wa krediti, na kuonyesha tofauti ya mfumo huo na ule wa kuandika mara moja tu. Alitakiwa pia kufafanua maana za istilahi zinazokaribiana. Hayo ni maswali ya insha. Hayakupima hesabu pekee, bali pia uwezo wa kueleza jambo gumu kwa maneno machache na sahihi.

Aliyefaulu akasubiri

Mwezi Juni 1898 mwanamke mmoja mzaliwa wa Nova Scotia, Kanada, aliketi na watahiniwa wengine. Jina lake ni Christine Ross. Alifaulu, tena akiwa miongoni mwa walioongoza katika kundi lake. Lakini cheti hakikuja. Wakuu wa elimu wa jimbo walijadili kama inafaa kumpa mwanamke cheti hicho, na mjadala ukachukua mwaka mmoja na miezi kadhaa. Hatimaye, tarehe 21 Desemba 1899, alipewa Cheti Namba 143, akawa mwanamke wa kwanza nchini Marekani kuidhinishwa kuwa mhasibu wa umma.

Tuutazame mkasa huu kwa jicho la isimu. Sheria ya mwaka 1896 ilitaja "raia" na "mtu", maneno yanayomhusu kila binadamu, ingawa ilitumia kimilikishi cha kiume ilipozungumzia nia ya mtu huyo ya kuwa raia. Ndivyo Kiingereza cha sheria kilivyokuwa siku hizo. Lau sheria ingaliandikwa kwa Kiswahili, ingalisema "nia yake", na neno "yake" halibagui mume na mke. Je, Ross angalisubiri? Tunadhani angalisubiri vilevile. Neno la sheria halikumtaja mwanamke kwa kumkataza, na karatasi yake ilikuwa imekwisha kusahihishwa. Kizuizi kilikuwa katika mazoea ya waliokaa mezani. Wanafunzi wetu hupenda kusema kwamba Kiswahili ni lugha ya usawa kwa kuwa nafsi ya tatu haina jinsia. Ni kweli kisarufi, lakini sarufi haitoi cheti.

Uzoefu usiopatikana

Kadiri majimbo mengine yalivyotunga sheria zao, sharti moja liliongezeka uzito: uzoefu wa kazi chini ya mhasibu ambaye tayari ameidhinishwa. Kwa mtazamo wa kwanza hili ni sharti la busara, maana hakuna anayetaka kukaguliwa hesabu na mtu aliyesoma vitabu tu. Tatizo ni kwamba uzoefu hauombwi kwa serikali. Unaombwa kwa mwajiri, na mwajiri ana haki ya kukataa.

Kwa Wamarekani weusi sharti hili lilikuwa ukuta. Theresa Hammond, katika kitabu chake cha mwaka 2002 kuhusu Wamarekani weusi katika taaluma hii, ameonyesha jinsi kampuni za uhasibu zilivyokataa kuwaajiri, mara nyingi kwa kisingizio kwamba wateja hawatakubali mtu mweusi aguse vitabu vyao vya siri. John W. Cromwell Mdogo alikuwa na sifa zote za kitaaluma. Alihitimu Chuo cha Dartmouth mwaka 1906 kwa heshima ya juu, akapata shahada ya uzamili mwaka uliofuata. Alifundisha katika shule ya sekondari ya weusi mjini Washington. Hakuna kampuni ambayo ingempa ule uzoefu uliotakiwa karibu na kwao. Suluhisho lilikuwa kusafiri zaidi ya kilomita 600 hadi Jimbo la New Hampshire, ambako sharti la uzoefu halikuwapo. Huko alifanya mtihani, na mwaka 1921 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kuidhinishwa. Ilikuwa imepita robo karne tangu sheria ya New York.

Kisa cha Mary T. Washington kinaonyesha njia ya pili. Alizaliwa Mississippi mwaka 1906, akakulia Chicago, na akaanza kazi katika benki iliyomilikiwa na Mmarekani mweusi. Hapo alifanya kazi na Arthur Wilson, mmoja wa wahasibu weusi wawili wa kwanza kuidhinishwa. Kwa kuwa Wilson alikuwa na cheti, uzoefu uliopatikana chini yake ulihesabiwa. Mwaka 1939 Bi. Washington alifungua ofisi yake katika chumba cha chini cha nyumba yake, akapata shahada Chuo Kikuu cha Northwestern mwaka 1941, na mwaka 1943 akaidhinishwa, wa kwanza miongoni mwa wanawake weusi wa nchi hiyo. Kuanzia hapo alifanya jambo ambalo pengine lina uzito kuliko cheti chenyewe. Vijana weusi waliokataliwa kwingine walihamia Chicago kufanya kazi kwake ili wapate uzoefu uliohitajika. Ofisi moja ndogo ikawa daraja la wengi.

Hata hivyo daraja hilo lilikuwa jembamba. Katika miaka ya 1960 wahasibu weusi walioidhinishwa hawakufika hata mmoja kati ya kila 100 nchini humo. Mwaka 1969 chama cha kitaifa cha wahasibu wa Marekani kilipitisha azimio la kuifungua taaluma kwa watu wa rangi zote, na mwezi Desemba mwaka huohuo wahasibu weusi wakaunda chama chao jijini New York. Katika miongo yote hiyo maswali ya mtihani yalikuwa yaleyale kwa wote.

Mtihani mmoja kwa majimbo yote

Hapo mwanzo kila jimbo lilitunga maswali yake, na ubora ulitofautiana sana. Mwaka 1917 chama cha kitaifa cha wahasibu kilianza kutunga mtihani mmoja na kuyakaribisha majimbo kuutumia. Majimbo yaliukubali polepole, na kufikia mwaka 1952 yote yalikuwa yakiutumia. Leseni, kwa upande wake, imebaki mikononi mwa kila jimbo hadi leo. Kwa maneno mengine, swali ni moja nchi nzima, ila fomu ya maombi hutofautiana.

Haja ya wahasibu hao iliongezeka baada ya soko la hisa kuporomoka mwaka 1929. Sheria za mwaka 1933 na 1934 zilizitaka kampuni zinazouza hisa kwa umma zikaguliwe na wahasibu huru. Tangu hapo saini ya mhasibu ikawa na thamani mbele ya kila mwekezaji, na mtihani nao ukazidi kuogopwa.

Kwa muda mrefu ulifanyika mara mbili kwa mwaka, mwezi Mei na Novemba, kwa siku mbili na nusu mfululizo, jumla ya saa 19 na nusu, katika kumbi kubwa zenye mamia ya watu. Penseli na akili ndizo zilizokuwa vifaa vya mtahiniwa, maana vikokotoo havikuruhusiwa mpaka mwaka 1994. Mwaka 2004 karatasi iliachwa na kompyuta ikachukua nafasi yake. Mtahiniwa akaweza kuchagua siku yake na kufanya sehemu moja moja. Kuanzia Januari 2024 mfumo umebadilika tena: sehemu tatu ni za lazima kwa wote, na ya nne mtahiniwa huichagua kulingana na tawi la kazi analolipenda. Alama ya kufaulu imebaki 75 katika kila sehemu.

Masharti ya elimu nayo yamekuwa yakipanda. New York ilikuwa ya kwanza kudai shahada, kwa sheria ya mwaka 1929 iliyoanza kutumika mwaka 1938. Florida ikaanza katika miaka ya 1980 kudai masomo ya ziada ambayo kwa kawaida huchukua mwaka wa tano wa chuo, na majimbo mengine yakaiga. Baada ya miaka mingi ya malalamiko kwamba mwaka huo wa tano unawazuia wasio na uwezo wa kuulipia, mambo yameanza kugeuka. Mwezi Januari 2025 gavana wa Ohio alitia saini sheria inayoruhusu njia ya shahada ya kawaida pamoja na miaka miwili ya uzoefu, na majimbo mengine yamefuata. Kwa mara nyingine tena, mjadala mkali haukuhusu maswali ya mtihani. Ulihusu masharti ya kuuzunguka.

Herufi zafika Afrika Mashariki

Katika Afrika Mashariki ya wakoloni, aliyetaka kuwa mhasibu kamili alitegemea vyama vya Uingereza. Vyama hivyo vilitunga maswali yao huko, na majibu ya watahiniwa wa huku yakasahihishwa huko. Mifano ya kodi na sheria ilikuwa ya Uingereza, na mtu wa Kampala au Mombasa alilazimika kujifunza sheria za kampuni za nchi ambayo hajawahi kuiona.

Baada ya uhuru, nchi zetu zilianza kujitungia mitihani. Kenya ilianzisha baraza lake la mitihani, KASNEB, tarehe 24 Julai 1969, na sheria ya wahasibu ikafuata mwaka 1977. Tanzania ilitunga Sheria Namba 33 ya mwaka 1972, na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, ikaanza kazi mwaka 1973. Uganda ilipata taasisi yake, ICPAU, kwa sheria ya mwaka 1992. Rwanda ikafuata kwa sheria ya mwezi Mei 2008. Zote zilichagua jina lililoandikwa katika sheria ya New York, zikaongeza tu herufi ya nchi kwenye mabano: K, T, U na R. Mwaka 2011 taasisi za wahasibu za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilitia saini makubaliano ya kutambuana, ili mhasibu wa nchi moja asilazimike kuanza upya anapovuka mpaka.

Lakini ingawa jina ni la Marekani, mwenendo una asili ya Uingereza. Mmarekani humaliza chuo kwanza, kisha huomba mtihani. Kwetu, kijana mwenye cheti kinachokubalika hujisajili kama mwanafunzi wa bodi, hulipa ada, kisha hupanda ngazi baada ya ngazi, karatasi baada ya karatasi, mara nyingi huku akiwa kazini. Mwenye shahada husamehewa baadhi ya masomo. Kwa hiyo mlango wa kuingilia ni mpana zaidi kuliko wa Marekani, ila ngazi ni ndefu, na ada hulipwa mara nyingi zaidi.

Hapa tungependa wanafunzi watofautishe mambo matatu ambayo huchanganywa sana katika mazungumzo. La kwanza ni kufaulu mtihani. La pili ni kuwa mwanachama wa taasisi, jambo linalodai uzoefu wa kazi uliothibitishwa. La tatu ni kupata leseni ya kufungua ofisi na kutia saini ripoti za ukaguzi. Anayefaulu karatasi ya mwisho hana leseni. Ana haki ya kuomba hatua inayofuata. Na katika hatua hiyo inayofuata, sharti la uzoefu lililomsafirisha Cromwell hadi New Hampshire linamngoja hata kijana wa leo asiyejuana na mtu ofisini.

Lugha ya mtihani na kazi yetu

Lugha ya mitihani hii ya Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda ni Kiingereza. Hatusemi kwamba ibadilishwe kesho. Tunasema kwamba jambo hilo linawahusu walimu wa lugha kwa namna mbili.

Kwanza, ugumu wa mtihani haumo katika namba tu. Watahiniwa wengi hupoteza alama kwa kutotii kitenzi cha swali: anaambiwa "tofautisha", yeye anafafanua kimoja baada ya kingine bila kuvilinganisha, anaambiwa "jadili", yeye anaorodhesha. Stadi hii haifungwi na lugha moja. Mwanafunzi aliyezoeshwa katika somo la Kiswahili kutenganisha eleza, fafanua, linganisha, tathmini na thibitisha ataibeba stadi hiyo hadi kwenye chumba cha mtihani wa Kiingereza. Watahini wa mwaka 1896 walitaka ufafanuzi wa maneno yanayokaribiana, na haja hiyo haijaisha.

Pili, mhasibu hufanya mtihani kwa Kiingereza lakini humtumikia mteja kwa Kiswahili au kwa lugha nyingine ya nyumbani. Mwenye duka la jumla, mweka hazina wa ushirika wa kahawa, mwenyekiti wa kikundi cha kuweka na kukopa, hawa wote wanahitaji kuelezwa hesabu zao kwa lugha wanayoifahamu. Kiswahili kina msamiati wa kutosha kuanzia. "Hesabu" na "mhasibu" vina asili moja ya Kiarabu. Tunayo leja, mizania, urari, ankara, stakabadhi, mtaji, faida, hasara, uchakavu, wadai na wadaiwa. Tanzania imekwenda mbali zaidi: ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutolewa pia kwa Kiswahili, na maoni ya mkaguzi yamepata majina ambayo raia wa kawaida huyatumia bila kufundishwa. Halmashauri iliyoridhisha imepata "hati safi". Iliyoboronga imepata "hati chafu". Istilahi hizo hazikuhitaji kamusi ili zieleweke. Zilijieleza zenyewe, na zikampa mlipakodi neno la kumhoji diwani wake.

Tunapendekeza zoezi moja kwa madarasa ya mwaka wa pili na wa tatu. Chukueni fomu ya kujisajili kwa mtihani wa uhasibu wa nchi yoyote ya Jumuiya, muitafsiri kwa Kiswahili, sharti kwa sharti. Kisha mjadili kila sharti: linampima mwombaji mwenyewe, au linapima jamaa, fedha na mwajiri alio nao? Ni zoezi la tafsiri, na wakati huohuo ni zoezi la uraia.

Hitimisho

Tumeona kwamba mtihani wa wahasibu wa umma ulibuniwa ili watu wasiojuana waweze kuaminiana juu ya fedha. Kwa kiasi kikubwa umefaulu. Mary Harris Smith hakuwa na mtihani wa serikali wa kumtetea, akasubiri hadi uzeeni. Christine Ross alikuwa nao, na ingawa alicheleweshwa, karatasi yake iliyofaulu haikuweza kufutwa. Hata hivyo mtihani hauwezi kuwa wa haki kuliko masharti yanayouzunguka. Uanagenzi wa kulipia, uzoefu usioweza kupatikana na mwaka wa ziada wa chuo ndivyo vilivyoamua nani atafika kwenye meza ya mtihani, na nani atatoka na leseni mkononi.

Kwa wanafunzi wetu wanaojiandaa kwa mtihani huu tunawatakia kila la heri, na tunawashauri waanze kutafuta mahali pa kupatia uzoefu wangali wanasoma. Kwa wale watakaofaulu na siku moja kuwa na ofisi zao, tunaomba wakumbuke chumba cha chini cha Mary T. Washington. Atakapobisha hodi kijana asiye na mtu wa kumpokea, wao ndio watakaoamua kama atafika mwisho wa ngazi.